Meya hayumo kwenye karatasi yako ya kura

Pale Jamatini, tukisubiri daladala ijae, kijana wa bajaji alikuwa amevua kiatu anakung'uta mchanga. Dodoma ya mwezi wa nane ndivyo ilivyo, upepo unakurudishia barabara mguuni. Akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu: "Huyu meya safari hii tunamtoa. Sanduku litaongea." Mama wa karanga, beseni lake katikati ya miguu, akamjibu bila hata kumtazama: "Utamtoaje, mwanangu? Kwani wewe ulimpigia kura lini?"

Tulicheka, lakini mama alikuwa amelenga penyewe. Uchaguzi unapokaribia, mazungumzo ya mjini humgeukia meya: anafaa, hafai, arudi, apumzike. Mengi katika hayo yamesimama juu ya vitu ambavyo havipo.

"Tutamtoa kwa kura zetu." Siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura wa Tanzania Bara hupewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Ya meya haipo. Madiwani wakishaapa, wao ndio humchagua mmoja wao avae joho na mkufu. Jiji la Dodoma lina kata 41. Ongeza madiwani wa viti maalumu na wabunge, bado wanaomchagua meya hawazidi sana abiria wa basi moja la kwenda Singida, katika jiji ambalo sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179. Kwa hiyo meya anayetaka kurudi huanza kwa kutetea kata yake. Mtu wa Nzuguni anaweza kumchukia usiku na mchana. Kama meya ni diwani wa kata nyingine, Nzuguni haina karatasi ya kumgusa. Kilichomo mkononi mwa Nzuguni ni diwani wake, ambaye kesho yake ndiye atakayekwenda kupiga kura ile nyingine.

Nadhani tunachanganywa na ya wenzetu. Nairobi wanamchagua gavana moja kwa moja tangu 2013, na London wanamchagua meya wao hivyohivyo tangu 2000. Kwenye televisheni meya anazunguka mitaani kuomba kura, nasi tunadhani na wa kwetu anatuomba sisi.

"Kura za maoni zimeonyesha watu bado wanamtaka." Hapa lugha yenyewe inatutega. Kura za maoni tunazozisikia kila baada ya miaka mitano ni mchujo wa ndani ya chama. Wanaopiga ni wanachama wa chama hicho, kwa utaratibu ambao chama kimejiwekea, na maoni ya mji mzima hayamo. Ndiyo maana mwaka 2020, watia nia maarufu walipoanguka, nchi nzima ilikuwa inacheka na msemo mmoja kuhusu wajumbe wa chama wanaopiga kura hizo: wajumbe si watu wazuri. Mtu anaweza kupendwa sokoni Majengo na akaangukia ukumbini. Mwingine mtaa mzima haumwiti hata kwa jina, lakini wajumbe wamemkubali.

Mchujo wa pili huja baada ya uchaguzi, pale madiwani wa chama chenye wingi wanapokaa peke yao kumpata mgombea wa umeya. Wingi ukiwa mkubwa, kura ya baraza inayofuata ni kukamilisha tu.

Utafiti wa maoni ni kitu kingine kabisa. Watu huchaguliwa kwa bahati nasibu ili kila aina ya mkazi awemo, kisha wote wanaulizwa swali lilelile. Kura ya kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, "Meya abaki au aondoke?", haifiki huko hata kidogo. Wenye hasira hujibu kwanza na wasio na bando hawajibu kamwe. Na jiji hili si mitaa ya mjini kama Area D na Kisasa pekee. Hombolo, Mpunguzi na Mbabala nazo ziko ndani ya jiji, kuna watu wanapalilia zabibu na uwele, na sijaona kundi la WhatsApp lililowauliza wanamwonaje meya.

"Barabara, maji, umeme, vyote ni vyake." Hapana. Barabara za mitaa ziko kwa wakala wa TARURA tangu 2017, zile kubwa kwa wakala wa TANROADS, maji kwa mamlaka ya DUWASA, umeme kwa shirika la TANESCO. Ukitaka kumkaba meya, mkabe kwa yale ya halmashauri: ushuru wa soko, taka, stendi, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu.

Na viwanja. Hapa lawama zimefungamana kama uzi uliochezewa na paka. Baba yangu mdogo ana bahasha ya kaki chini ya godoro. Ndani mna hati ya miaka 33 ya CDA, mamlaka ya ustawishaji makao makuu, na risiti zilizofifia mpaka uzisogeze dirishani. Ana mgogoro wa mpaka na jirani yake, na kila akiutaja, jina linalofuata ni la meya. Ila tangu 1973 ardhi ya mji huu ilishikwa na CDA, ambayo haikuwa chini ya meya wala madiwani. Manispaa ilikuwa pembeni yake, na wenyeji walihangaika kati ya ofisi mbili. CDA ilivunjwa na Rais Magufuli tarehe 15 Mei 2017, shughuli zake zikahamia halmashauri. Aprili 26 mwaka uliofuata Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Mafaili ya miaka zaidi ya 40 yakaingia mlango mmoja. Meya wa leo anastahili kuulizwa mafaili hayo yamefika wapi. Kuulizwa kwa nini yalifunguliwa, hilo si lake.

"Meya ndiye bosi wa jiji." Bosi wa watumishi ni mkurugenzi, na mkurugenzi huteuliwa na Rais. Meya huongoza baraza na Kamati ya Fedha na Uongozi. Hata hivyo asijifiche nyuma ya mkurugenzi: bajeti hupita kwenye baraza lile, na hoja za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zinajadiliwa palepale.

"Akishakaa, ni miaka mitano." Naibu wake huchaguliwa kila mwaka. Meya mwenyewe anaweza kung'olewa na theluthi mbili ya madiwani. Isaya Mwita, aliyekuwa meya wa Jiji la Dar es Salaam, alipigiwa kura ya kuondolewa Januari 2020, na ubishi mkubwa ukawa kwenye hesabu, kama hiyo theluthi mbili ilitimia.

"Vikao vyao ni vya siri." Vikao vya kawaida vya baraza viko wazi, angalau kila miezi mitatu. Unakaa nyuma, unasikiliza, huruhusiwi kuchangia. Mara ya mwisho nilipokwenda, wananchi tulikuwa watatu, na mmoja wetu alikuwa amekuja kumvizia ofisa ardhi.