Kupandisha bei ili ushushwe

Wenye nyumba wengi wanaouza Dar es Salaam huamini kuwa ukitaja bei ya juu umejiachia nafasi ya kushushwa. Kwa mnunuzi wa mkopo si hivyo. Benki huangalia thamani aliyoandika mthamini aliyesajiliwa, si bei yako. Tuseme unataka milioni 200, mthamini kaandika 150, benki inatoa asilimia 80 ya hiyo: milioni 120. Mnunuzi atafute 80 mfukoni. Ungetaka 150, angetafuta 30 tu. Wengi hata hawarudi kupatana.

Na gharama ya kujenga, zile risiti zako za saruji na nondo? Mthamini hukata uchakavu, kisha hutazama hati, barabara inayofika getini, na nyumba jirani ziliuzwa kwa ngapi, si zilitangazwa kwa ngapi. Mlipe yeye kabla hujamtajia dalali bei.