Malta kwa Miguu: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mswahili anayefungua ramani ya Malta, nchi ya visiwa katika bahari ya Mediterania, hukuta maneno anayoyajua yakiwa yamevaa tahajia ngeni. Wied il-Għasel ni Bonde la Asali, baħar ni bahari, na dinja ni dunia, kwa kuwa Kimalta kimechipuka kutoka Kiarabu, lugha ambayo nasi tumekopa kwake maneno mengi. Ujirani huo unapendeza, lakini usimfanye mtu adhani kwamba ameshaijua nchi yenyewe. Kwa ndugu zetu wanaoishi Ulaya na kwenda huko mapumzikoni, nimesikia mara nyingi mipango ya matembezi iliyojengwa juu ya mambo yasiyo kweli, na baadhi ya mambo hayo ni ya hatari.

«Kisiwa ni kidogo, hakihitaji kupangiwa.»

Ni kweli kwamba ni padogo. Visiwa vyote vya Malta vina eneo la kilomita za mraba 316, na Unguja peke yake huvizidi mara tano hivi. Hata kilele cha juu kabisa, Ta' Dmejrek karibu na Dingli, kina mita 253 tu kutoka usawa wa bahari. Lakini sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki bila majengo, hasa upande wa magharibi, ni ile ambayo wenyeji huiita xagħri, yaani uwanda wa mawe ya chokaa uliotobolewa na mvua kwa muda mrefu hata ukawa na ncha kali na vishimo vya kuingia mguu. Aliyewahi kupita juu ya mawe ya matumbawe katika pwani yetu ataelewa mara moja: macho hayatoki chini, kila hatua huchaguliwa, na ndala hazifai kabisa. Zaidi ya hayo, njia ya pwani huweza kukatika ghafla penye genge, mtu akalazimika kurudi alikotoka huku maji yakimwishia. Katika hifadhi ya Majjistral, iliyoanzishwa mwaka 2007 kaskazini-magharibi mwa kisiwa kikuu, mwendo unaoonekana mfupi kwenye ramani unastahili kutengewa nusu siku nzima.

«Mwezi wa kwenda ni Agosti, ndipo pamechangamka.»

Pamechangamka ufukweni. Mashambani, Agosti ndio wakati ambapo kila kitu kimelala. Joto la mchana hupita nyuzi 30 kwa kawaida, mvua hakuna, majani yamekuwa rangi ya kahawia, na kivuli ni cha kutafuta, kwa sababu misitu ni michache mno. Ule unaojulikana zaidi ni Buskett, ambao ni bonde moja tu. Wengi wetu tumezoea kusikia kuwa majira ya baridi ya Ulaya huua mimea, kwa hiyo hatutarajii kwamba Malta mambo ni kinyume. Mvua huanza vuli, nyingi yake hunyesha kati ya Oktoba na Februari, na kisiwa huwa kijani katikati ya baridi. Februari hadi Aprili ndio miezi ya maua. Kuna ua dogo la manjano linalojaa kila ukingo wa shamba, ambalo asili yake ni Rasi ya Tumaini Jema huko Afrika Kusini na ambalo Wamalta huliita majani ya Kiingereza. Na kwenye miteremko ya udongo huchanua sulla, jekundu kama kanga mpya. Mwishoni mwa machipuko hufuata zaatari ya mwituni, kijiti kigumu kisichofika hata goti, chenye viua vya zambarau. Ukiinama na kukisugua kwa vidole, harufu yake hubaki mkononi hadi jioni, na nyuki huendelea na kazi yao bila kukujali. Asali ya zaatari ya Malta inatokana na hicho kijiti.

«Jua kali ni la saa sita, ikifika saa nane limeshapoa.»

Kosa hili ni la watu wa ikweta, nami nalielewa vizuri. Malta hufuata saa za Ulaya ya Kati, tena kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa husogezwa mbele, kwa hiyo katika kiangazi jua hufika utosini karibu saa saba mchana, na joto lenyewe huendelea kuwaka hadi saa kumi. Urefu wa mchana nao hubadilika kwa namna tusiyoizoea. Mwezi Juni jua huzama baada ya saa mbili usiku, ilhali mwezi Desemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Anayeanza matembezi ya magengeni saa nane mchana wa Desemba, akidhani kwamba magharibi ni saa kumi na mbili kama nyumbani, atakutwa na giza mahali pasipo na taa wala ukingo.

«Sisi jua limetuzaa, halitufanyi kitu.»

Melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi, hupunguza madhara ya mionzi ya jua kwenye ngozi, lakini haiyaondoi, na haimkingi mtu hata kidogo dhidi ya kuishiwa maji na chumvi mwilini. Kizunguzungu, kichefuchefu na kuchanganyikiwa hakuchagui rangi. Upepo wa bahari huzidisha udanganyifu huo, kwa kuwa hukausha jasho kabla mtu hajajua kwamba ametoka jasho. Kofia pana na maji ya kutosha, angalau lita mbili kwa kila mtu, si mambo ya hiari. Maji ya bomba ya Malta ni salama ingawa ladha yake si tamu. Ya chemchemi za mabondeni yasinywewe, kwani hupita chini ya mashamba yenye mbolea.

«Mvua ikikatika tu, tunaendelea.»

Chini ya mawe ya chokaa kuna tabaka la udongo wa mfinyanzi wenye rangi ya kijivu, unaoonekana wazi Għajn Tuffieħa na Ġnejna. Ukiwa mkavu hupasuka na kukanyagika. Ukilowa huganda kwenye soli hadi kiatu kikawa kizito kama tofali, kisha huteleza bila onyo. Usubiriwe ukauke siku moja au mbili. Mabonde nayo, yaitwayo wied, hayana mito ya kudumu, lakini dhoruba ya vuli huweza kuyajaza kwa muda mfupi.

Kuhusu nyoka, wasomaji wa Matendo ya Mitume sura ya 28 wanakumbuka nyoka aliyemng'ata Paulo katika kisiwa hicho. Leo hakuna hapo nyoka aliye hatari kwa binadamu. Na lile tao kubwa la mwamba la Dwejra, kisiwani Gozo, ambalo bado linapambwa kwenye matangazo, lilianguka baharini tarehe 8 Machi 2017.

«Pasipo na lango, njia ni ya wote.»

Herufi RTO zilizopakwa rangi kwenye jiwe maana yake ni ardhi ya mwenyewe. Kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji zisipandwe, kwa sababu jiwe moja likitoka hushuka na mengine, na mkulima ndiye anayelipa. Msimu mkuu wa kuwinda ndege ni kuanzia Septemba hadi mwisho wa Januari, kwa hiyo alfajiri za miezi hiyo ni vyema kubaki kwenye njia inayojulikana na kuvaa nguo inayoonekana.

Wapo pia wanaoulizia mashua ya kuwapeleka Filfla, kile kisiwa kidogo kinachoonekana kusini ukisimama kwenye mahekalu ya Mnajdra, na ambacho jina lake huhusishwa na pilipili. Haiwezekani. Ni hifadhi ya ndege wa baharini na ya mjusi asiyepatikana pengine popote kwa umbo lile, na kwa kuwa majeshi ya Uingereza yalikitumia kama shabaha ya mizinga na mabomu hadi mwaka 1971, mabaki yasiyolipuka hayajaisha. Kitazamwe kutoka ng'ambo, asubuhi mapema, kabla ukungu wa joto haujakifuta.