Kazi ya nyumbani si sawa na shule ya nyumbani

Dhana: Mzazi akiweza kufanyia kazi nyumbani, mtoto naye ataweza kusomea nyumbani.

Mhasibu anayefungua kompyuta sebuleni tayari anaijua kazi yake. Kilichobadilika ni mahali tu. Mtoto wa darasa la pili bado anajifunza kusoma. Mwalimu aliye kwenye simu haoni penseli imeshikwaje wala hasikii silabi inayorukwa. Bila mtu mzima kuketi pembeni, kipindi cha dakika 40 hupotea bure. Afadhali dakika 15 za somo, kisha daftari, kisha mapumziko.

Uganda ilifunga shule Machi 2020 kwa sababu ya Corona, na hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari 2022. Watoto wa madarasa ya chini ndio tunaopaswa kuwahurumia zaidi.

Dhana: Masomo ya mbali yaliletwa na Corona.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kinachofundisha kwa masomo ya mbali, kilianzishwa mwaka 1992. Wanafunzi wake wengi ni watu wazima wenye kazi zao, wanaojipangia muda, na kuna vituo vya mikoa vya kuwahudumia.

Dhana: Ukiwa na intaneti ya kasi, umemaliza.

Wengi hupima kasi ya kupakua, kumbe sauti na picha yako hukwama kwenye kupakia. Kwa video, tenga angalau megabiti 1 kwa sekunde ya kupakia kwa kila aliye hewani. Mzazi kikaoni na mtoto darasani ni 2. Saa moja ya video inaweza kula gigabaiti nzima, wakati sauti pekee haifiki megabaiti 100. Ndiyo maana mwalimu anayetuma sauti fupi na picha ya ubao kwa WhatsApp huwafikia watoto wengi kuliko anayeng'ang'ania video.

Halafu umeme. Ruta (kifaa kinachosambaza intaneti nyumbani) ya wati 10 ikiwekewa betri ya wati-saa 40 hudumu takriban saa tatu, si nne, kwa kuwa nishati kiasi hupotea njiani. Soma volti chini ya ruta kabla ya kununua: ya volti 12 ukiipa 9 itazimika-zimika, na ya volti 9 ukiipa 12 inaweza kuungua.

Dhana: Kila mfanyakazi hunufaika na kazi ya nyumbani.

Mzoefu huokoa nauli na foleni, ingawa bando na umeme humhamia yeye, kwa hiyo malipo ya gharama hizo yaandikwe kwenye mkataba. Mwajiriwa mpya hupoteza, maana kazi huiiba kwa macho akiwa karibu na wakongwe. Miezi yake ya kwanza apewe ofisini.