Unapomuuguza ndugu mwenye maradhi ya akili: maswali ya familia za Tanga

Mdogo wangu ana skizofrenia, ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti wasizosikia wengine. Dawa zilimtuliza, sasa anasema amepona na hazitaki. Nifanyeje?

Dada yangu, ametulia kwa sababu ya dawa. Akiziacha, ugonjwa unaweza kurudi baada ya wiki au hata miezi, ndiyo maana wengi hawajui chanzo. Ila kabla ya kumlaumu, mtazame. Anatetemeka akishika kikombe cha chai? Anatembea amekakamaa, mate yanamdondoka? Dawa kama haloperidol huweza kuleta hayo, nayo yana tiba: daktari hupunguza dozi, hubadili dawa au huongeza nyingine. Shingo au taya ikikaza ghafla, msingoje siku ya kliniki, mpelekeni siku hiyohiyo. Ulizeni pia sindano ya kila baada ya wiki kadhaa. Wengine imewaondolea ugomvi wa vidonge kila jioni. Msimtilie dawa kwenye uji kwa siri. Akigundua, atakiogopa chakula cha nyumbani.

Wazee wanasema ana mashetani, asomewe.

Asomewe, na dawa aendelee nazo. Kisomo hakigombani na dawa. Tunachokataa ni kumchapa, kumshindisha njaa na kumfungia.

Akichafukwa, tumfunge kamba?

Hapana. Kamba huumiza na haitibu. Ondoeni visu na mapanga, watoto watoke, aongee naye mtu mmoja anayemwamini, kwa upole, bila kubishana juu ya sauti anazosikia. Akitishia kujidhuru au kudhuru wengine, hospitali mara moja. Walio mjini Tanga wana hospitali ya Bombo, na wilayani Korogwe iko Lutindi, hospitali ya Kanisa la Kilutheri inayotibu maradhi ya akili.

Namuuguza peke yangu, nimechoka.

Una haki ya kuchoka, mama. Msiba ukitokea mtaani Ngamiani, hapa Tanga, mikeka na masufuria hufika kabla hujaomba. Ugonjwa wa akili hauletewi hata kikombe cha uji, na aibu hiyo inaangukia mtu mmoja, mara nyingi mwanamke. Kwa hiyo usiseme tu "nisaidieni". Itisha kikao, gawa kazi kwa majina: kaka aliye Dar atume nauli ya kliniki kila mwezi, shangazi ashinde naye Jumamosi, binamu asimamie dawa za usiku. Jumamosi hiyo lala, au nenda kwenye shughuli kama wenzako. Na ukimaliza wiki mbili hupati usingizi, unalia, huna hamu ya lolote, siku ya kliniki yake ingia na wewe umwone daktari.