Mfumo wa 4-4-2 ndani ya When the Camellia Blooms

Watayarishaji wa When the Camellia Blooms, tamthilia ya Korea Kusini iliyorushwa na kituo cha KBS2 mwaka 2019, waliitangaza kwa lugha ya mpira: mfumo wa 4-4-2. Yaani katika kila sehemu kumi, nne ni za mapenzi, nne za utu, mbili za taharuki ya mauaji. Mimi huwa naanzia hapo kila nikiulizwa kwa nini tamthilia hii haikuchosha, wakati nyingi zilizochanganya mapenzi na uhalifu huishiwa pumzi katikati.

Kosa la kawaida ni kugawa nusu kwa nusu. Polisi anasimamisha upelelezi ili apendwe, kisha wapenzi wanawekwa kando ili muuaji asimuliwe utoto wake. Mwandishi Lim Sang-choon aliyapa mauaji nafasi ndogo, ila akayatanguliza. Tamthilia inafunguka na maiti kando ya ziwa. Tunaona bangili mkononi, uso hatuuoni, halafu tunarudishwa nyuma. Tangu hapo hata mwenye nyumba anayegombania karanga za won 8,000 baani unamtazama kwa jicho jingine: maiti ile ni ya nani, na nani kati ya hawa anajua?

Jambo la pili ni mshono. Dongbaek, mhusika mkuu, aliachwa na mama yake akakulia kwenye nyumba ya yatima, analea mtoto peke yake, na amefungua baa kwenye mtaa wa Ongsan ambako wanawake huuza kaa waliolowekwa kwenye sosi ya soya. Wanamsema. Huyohuyo ndiye aliyewahi kuponyoka mikononi mwa muuaji. Yong-sik, polisi wa kituo kidogo, akimpenda lazima amlinde, na akimlinda lazima apeleleze. Kamba ni moja, kwa hiyo mwandishi hahitaji kuruka kutoka hadithi hii kwenda ile. Hata jina la muuaji, Kkabuli, limetoka kwenye ujumbe anaouacha, “kkabulji ma”, yaani usilete ujuaji. Kinachomkera ni kuonekana mdogo, na mtaa mzima unamfanyia Dongbaek hilohilo kila siku.

Sasa hesabu ya vipindi, maana huwachanganya watu. KBS ilirusha sehemu 40 za kama dakika 35, mbili kila Jumatano na mbili kila Alhamisi. Wakati ule vituo vya taifa vya Korea havikuruhusiwa kukatiza kipindi kwa matangazo, basi vikapasua kipindi kimoja viwili na kuweka matangazo katikati. Netflix iliviunganisha vikawa 20. Ndiyo maana karibu na nusu ya kila kipindi utakuta mkasa umefika kileleni ghafla kisha ukashuka: hapo palikuwa mwisho wa sehemu. Mwandishi alilazimika kutega mara mbili kwa usiku mmoja, na mara nyingi mtego wa pili ndio wa Kkabuli.

Vidokezo vya kushika: chakula cha paka kinachowekwa vichochoroni ilhali paka hawaonekani, na kikohozi. Weka sauti juu. Kitu ambacho manukuu hayawezi kukupa ni lahaja ya eneo la Chungcheong, ya taratibu na ya kuzungukazunguka, inayomfanya Yong-sik aonekane mshamba hata anapokuwa makini kuliko wote. (Ongsan ni mji wa kubuni; mandhari tunayoiona ni ya Guryongpo, Pohang, upande mwingine kabisa wa nchi.)

Udhaifu upo. Habari ya mama yake Dongbaek, anayerudi akiwa mgonjwa wa figo, inakamua machozi kupita kiasi, na kwa vipindi kadhaa vya mwisho kasi inalegea. Hata hivyo kipindi cha kufunga kilifikia kiwango cha watazamaji cha 23.8%, na mwaka uliofuata tamthilia ikatwaa tuzo kuu ya televisheni katika tuzo za Baeksang za Korea Kusini.

Ambaye hajatazama aishie hapa. Muuaji anapokabiliwa, bastola ya polisi haihusiki. Dongbaek anamtwanga kwa bilauri nzito ya bia, ile ya mililita 500, na wanawake wa mtaa wa kaa wanaingia nyuma yake.