Pampu haijafa, imeingia upepo
Trekta kuukuu la Massey Ferguson 135 likilala msimu mzima bondeni Cheju, Unguja, kisha likagoma kuwaka, utasikia: "Pampu imekufa, tafuta nyengine." Mara nyingi sivyo. Dizeli hufungua nozeli, kile kinachoipuliza ndani ya injini, kwa shinikizo. Upepo ukiwemo bombani hubonyea tu, nozeli isifunguke.

Anza na tangi. Chini hujikusanya maji na kutu, na hewa yetu ya chumvi haisaidii. Lisafishe, badilisha filta. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe, kaza. Kisha fanya vivyo hivyo kwa skrubu za pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli, mwisho nati za nozeli huku mwenzako akipiga stata. Kidole weka mbali: dizeli hiyo hupenya ngozi!