Je, wajua kwa nini chumba chako husikika kama kisima ukishakirekodi?

Mpwa wangu anakaa Ngamiani, Tanga, kule kwenye barabara zenye namba. Chumba chake cha kupanga kina kuta za rangi ya mafuta na vigae sakafuni, na anakitunza hasa. Majuzi alijaribu usaili wa kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia ya kigeni. Siku hizi mara nyingi huitwi studio kwanza: unatumiwa ukurasa wa maneno kwa simu, unarekodi hukohuko kwako, unarudisha. Akarekodi, akatuma, akajibiwa mstari mmoja: sauti tumeipenda, ila chumba kinavuma, tunashindwa kukupima.

Akanipigia jioni ile. "Shikamoo mjomba. Hivi hiki chumba kinavuma wapi? Mimi nakaa humu kila siku, kimya!"

Alisema kweli. Na waliomjibu walisema kweli.

Neno likitoka kinywani haliendi upande mmoja. Kuna sehemu yake inayokwenda moja kwa moja kwa msikilizaji, na sehemu nyingine inatawanyika, inagonga ukuta, dari na vigae, kisha inarudi. Kwa joto letu la pwani sauti husafiri karibu mita 348 kwa sekunde. Ukuta ukiwa mita moja na nusu kutoka ulipokaa, sauti hiyo itakwenda na kurudi mita tatu, na itachelewa milisekunde tisa hivi. Kuchelewa kudogo namna hiyo ubongo hauhesabu kuwa ni sauti ya pili. Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas aliandika utafiti wake juu ya jambo hili: mrudio unaofika ndani ya milisekunde thelathini hivi, ubongo huuchanganya na sauti ya kwanza, na sisi tunasikia neno moja tu, lililotoka kwa msemaji.

Tena tuna masikio mawili. Kwa kulinganisha kilichofika kulia na kilichofika kushoto, ubongo unajua sauti ya mtu iko mbele na mrudio unatoka pembeni, basi unaushusha ule wa pembeni. Ndiyo maana ukikaa mwaka mzima ndani ya chumba kinachovuma unaweza usijue.

Maiki haina wa kuichujia. Ni sikio moja, inapokea kila kinachoifikia na kukiingiza kwenye mkondo mmoja. Ukivaa hedifoni usikilize, mwangwi uliokuwa umesambaa chumba kizima sasa unatoka palepale linapotoka neno, na ubongo umenyimwa njia ya kuutenga. Hicho ndicho kisima unachokisikia.

Nikamwambia asimame katikati ya chumba apige kofi moja kali, kisha anyamaze. Nilisikia hata mimi kwenye simu: baada ya kofi kukaja mlio mwembamba wa kutetemeka, kama bati linalotikiswa. Ni sauti inayokwenda na kurudi kati ya kuta mbili zinazotazamana, kila safari ikipungua kidogo. Kuta za tofali la saruji zilizopigwa plasta na kupakwa rangi ya mafuta hazinywi karibu chochote.

Dawa ya kwanza ni ya bure, nayo ni kusogea. Ukiwa sentimita 40 kutoka kwenye maiki, kisha ukasogea hadi 20, sauti yako ya moja kwa moja inaongezeka desibeli sita, yaani nguvu yake mara nne. Mwangwi wa chumba unabaki vilevile, kwa sababu wenyewe umeshazunguka kila mahali. Kwa hiyo unaposhusha kiwango cha kurekodi ili sauti yako isivuke mpaka, chumba kinashuka pamoja nacho. Kipimo ni shibiri moja ya mkono wako, kutoka midomo hadi kwenye maiki. Ukisogea zaidi ya hapo, maiki zinazosikiliza upande mmoja huanza kuongeza besi, na sauti ya msichana wa miaka ishirini inageuka ya mtangazaji wa usiku.

Dawa ya pili ni kuimeza sauti kabla haijarudi, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela. Wanakusanya trei za mayai, wanazibandika ukuta mzima. Trei ni karatasi nyembamba. Inatawanya na kupunguza kidogo sauti za juu, zile za s na sh, lakini sauti nene ya kifuani inapita kama haijaona kitu. Matokeo yake chumba kinabaki na mvumo wa chini bila ung'avu wa juu, na mtu anasikika kama anaongea ndani ya boksi. Heri angeacha kuta tupu.

Kinachomeza sauti ni kitu chenye nyuzi nyingi na nafasi za hewa ndani yake. Sauti ni hewa inayotikisika. Hewa hiyo ikilazimika kupenya katikati ya nyuzi inasuguana nazo, na nguvu yake inageuka joto dogo usiloweza kulihisi. Sasa hebu tazama vilivyomo majumbani kwetu pwani: mito ya sufi, godoro la usumba, blanketi nzito, majamvi. Tanga ndiyo kwanza nchi ya katani, tangu miche ya kwanza ilipoletwa kutoka Florida mwaka 1893. Singa za katani zilizochambuliwa zikashindiliwa kidogo kwenye viroba hufanya kazi hiyo vizuri, mradi kiroba kiwe kinene na nguo yake inapitisha hewa. Kiroba cha plastiki kilichofumwa kwa kubana kitarudisha sauti kama ukuta.

Unene una sababu yake. Ukutani kwenyewe hewa haiwezi kwenda mbele na nyuma, imezuiwa, kwa hiyo nguo uliyoibandika pale haina hewa ya kuisugua. Hewa inatembea zaidi kadiri unavyotoka ukutani, na inatembea zaidi ya kote kwenye umbali wa robo ya wimbi. Wimbi la hezi 1,000, yaani linalotikisika mara elfu moja kwa sekunde, lina urefu wa sentimita 35 hivi, robo yake ni karibu sentimita tisa. La hezi 100, iliyo sauti ya chini ya mwanamume, robo yake inakaribia sentimita 90. Kwa maana hiyo doti ya khanga iliyonyooshwa na kupigiliwa misumari ukutani ni pambo tu. Blanketi mbili zilizotundikwa kwenye kamba, zikiwa na mikunjo, kiganja kizima mbali na ukuta, zinafanya kazi nyingine kabisa.

Kuna kosa jingine ninaloliona hata kwa waliozoea. Wanaweka godoro nyuma ya maiki, wanaacha ukuta mtupu nyuma ya mgongo wao. Maiki nyingi za kazi hii husikia kwa mbele na ni nusu kiziwi kwa nyuma. Inakutazama wewe, na inatazama ukuta ulio nyuma yako. Ukiwa na blanketi moja tu, itundike mgongoni kwako. Ya pili na ya tatu ziende pembeni, na ya nne juu ya kichwa kama una pa kuifunga.

Na kabati la nguo? Linafaa, likiwa limejaa. Kabati tupu la upana wa sentimita 80 lina mlio wake lenyewe karibu na hezi 215, palepale inapokaa sauti ya kike, na kila neno litakalopita hapo litavimba. Fungua milango, elekeza uso kwenye nguo zilizotundikwa, jaza mito chini. Wala usijifungie ndani, kwa joto la Tanga utaanza kuhema kabla hujamaliza ukurasa.

Yote hayo ni ya mwangwi. Bodaboda ni shauri lingine. Kumeza sauti ya ndani na kuzuia ya nje ni kazi mbili tofauti, na godoro linajua ile ya kwanza tu. Cha kuizuia sauti ni uzito na kuziba matundu: ukuta wa tofali tayari ni mzito, lakini uwazi wa vidole viwili chini ya mlango, au dirisha la nyavu na vioo vya kupanga, unaingiza mtaa mzima. Kunja shuka nene uzibe chini ya mlango. Kwa dirisha sina la kukudanganya, chagua saa. Mpwa wangu anarekodi kuanzia saa tano usiku, bajaji zikishapungua na kabla hakujapambazuka kunguru wakaanza. Feni inazimwa, friji ya chumbani inachomolewa kwa nusu saa, simu inawekwa hali ya ndege. Msimu wa masika, mvua ikiwa juu ya bati, hapana cha kufanya ila kulala.

Ukitaka kujua umefika wapi, rekodi sekunde kumi za kukaa kimya utazame namba. ACX, jukwaa la kutengenezea vitabu vya kusikiliza vinavyouzwa Audible, linataka kelele za chumba zisipande juu ya desibeli -60, na kilele cha sauti kisivuke -3. Ile -60 maana yake ni sehemu moja ya elfu ya mtikisiko mkubwa kabisa faili linaloweza kubeba. Kwa usaili si lazima ufikie hapo, ila ukiwa kwenye -40 jua kuna feni inazunguka mahali.

Halafu kuna herufi p. Sisi wa pwani tunazo mbili: ile ya paa la nyumba, isiyo na pumzi, na ile ya paa, yule mnyama wa porini, inayotoka na pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo uyatamke yote mawili utaisikia tofauti kwenye ngozi. Pumzi hiyo ikiingia kwenye maiki inapiga kishindo. Usiibadili lugha yako kwa ajili ya chombo. Isogeze maiki pembeni kidogo, usawa wa kona ya mdomo, upepo upite mbele yake. Au vuta stokingi juu ya duara la waya, uiweke katikati.

Kama unarekodi kwa simu, zima kipengele cha kuondoa kelele kikiwepo. Kinadhani mwisho mlaini wa neno ni kelele, kinaula, na sauti inayobaki ni kama ya mtu aliye chini ya maji. Wanaosikiliza usaili wanaweza kusafisha wenyewe. Wasichoweza ni kurudisha kilicholiwa. Na tafadhali usirekodi kwa kitufe cha sauti cha WhatsApp, kwani hubana sauti ili iwe nyepesi kusafiri. Rekodi kwenye programu nyingine, hifadhi kama faili la WAV, lile lisilobana sauti, kisha litume kama hati.

Mpwa wangu aliomba blanketi mbili kwa mama mwenye nyumba, akaongeza lake, akafunga kamba kutoka kwenye nondo ya dirisha hadi kwenye msumari wa mlangoni. Mito minne ya sufi akaipanga juu ya vigae, maiki akaiweka shibiri moja. Saa sita usiku akanitumia ukurasa uleule. Safari hii, kabla ya neno la kwanza, nilisikia midomo yake ikiachana.